Kwa nini atomu haina chaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mwanafunzi hukariri kwamba idadi ya protoni ni sawa na idadi ya elektroni, akapata alama zake, akasonga mbele. Akiuliza kwa nini ziwe sawa, mara nyingi hurudishiwa sentensi ileile kwa maneno mengine. Majibu yafuatayo yameandikwa kwa ajili ya huyo aliyeuliza, na kwa mwalimu au mzazi anayetaka kumjibu vizuri. Mengine ni mafupi kwa sababu jambo lenyewe ni fupi. Machache nimeyarefusha makusudi.

Jibu fupi ni lipi?

Katikati ya atomu kuna kiini, na nje ya kiini kuna elektroni. Ndani ya kiini mna protoni zenye chaji chanya na nyutroni zisizo na chaji. Elektroni zina chaji hasi. Chaji ya protoni moja na ya elektroni moja zina ukubwa uleule, zinatofautiana alama tu. Atomu ya oksijeni ina protoni 8 na elektroni 8, hivyo +8 na −8 zinajumlishwa kuwa sifuri. Chuma ni 26 kwa 26. Dhahabu ni 79 kwa 79.

Jibu hilo linatosha kwenye mtihani, ila limeficha maswali mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza: kwa nini elektroni ziwe nyingi kama protoni, zisizidi wala zisipungue? La pili: kwa nini chaji ya elektroni moja iwe sawa kabisa na ya protoni moja? La kwanza lina jibu zuri na linaeleweka. La pili bado halijapata jibu lililothibitishwa kwa majaribio, na nitalirudia huko chini.

Kwa hiyo ndani ya atomu hamna umeme?

Umo, tena mwingi wa kutisha. Atomu imejaa chaji za aina mbili zinazofutana, na hilo ni tofauti kabisa na kukosa chaji.

Chukua bilauri yenye gramu 180 za maji. Mna protoni zipatazo 6 ikifuatwa na sifuri 25, na elektroni idadi hiyohiyo. Ukizikusanya protoni peke yake, chaji yake ni karibu kulombu (kipimo cha chaji) milioni 9.6. Radi moja ya kawaida hushusha kulombu kama 15 tu. Sasa tuseme umeondoa elektroni moja katika kila milioni moja kutoka kwenye bilauri hiyo, ukafanya hivyo kwa bilauri ya pili, kisha ukazitenganisha kwa mita 1. Zingesukumana kwa kani sawa na uzito wa tani milioni 85. Hesabu hii haihitaji zaidi ya kanuni ya Coulomb ya mwaka 1785 na kikokotoo, na ninamsihi kila mwanafunzi aifanye mwenyewe, maana ukiifanya mara moja hutatamka tena "haina chaji" kwa wepesi.

Atomu inajuaje ikome wapi kupokea elektroni?

Haijui chochote. Kani ya umeme inajimaliza yenyewe.

Fikiria kiini cha sodiamu, chenye protoni 11, kikiwa na elektroni 10 tu. Elektroni inayopita kwa mbali huhisi jumla ya +1, nayo inavutwa. Inashuka, inaachia nishati kwa njia ya nuru, na hesabu inakuwa 11 kwa 11. Elektroni nyingine ikipita baada ya hapo, kwa mbali haihisi karibu chochote, kwa kuwa jumla imekuwa sifuri. Kilichokuwa kikivuta kimezimwa na kilichovutwa.

Ukitaka kurudi nyuma, yaani kung'oa elektroni, lazima ulipe. Elektroni ya kwanza ya sodiamu inadai nishati ya elektronivolti 5.14 (elektronivolti ni kipimo kidogo cha nishati kinachofaa kwa atomu), na ya pili inadai karibu 47. Haidrojeni inadai 13.6. Joto la kawaida la chumba humpa kila chembe chini ya 0.05. Ndiyo sababu meza, jiwe na hewa haviachii elektroni zake hivihivi.

Kwa upande wa kuzidisha, uwezo wa atomu ni mdogo. Klorini hukubali elektroni moja ya ziada na kuishika kwa elektronivolti 3.61. Haidrojeni nayo hukubali moja, ila huishika kwa 0.75 tu. Heli, neoni na agoni hukataa hata hiyo moja. Na hakuna atomu iliyo peke yake katika ombwe inayoweza kushika mbili za ziada zikatulia. Sifuri ndipo mahali pa bei nafuu, na maada hurudi hapo kila inapopata nafasi.

Kama elektroni inavutwa na kiini, mbona haianguki ndani yake?

Kwa fizikia ya karne ya 19 ilipaswa kuanguka, tena ndani ya muda mfupi sana kuliko sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Niels Bohr aliliona tatizo hilo wazi mwaka 1913, na fizikia ya kwanta iliyokamilishwa miaka ya 1920 ikalitatua. Elektroni ikibanwa kwenye nafasi ndogo, nishati yake ya mwendo hupanda, na kadiri unavyoibana ndivyo inavyokataa. Mvuto wa kiini unashusha nishati, kubanwa kunaipandisha. Mizani hiyo ikitulia, unapata ukubwa wa atomu. Kwa haidrojeni ni karibu pikomita 53 kutoka kiini hadi mahali elektroni inapopatikana zaidi.

Hata hivyo, kwa baadhi ya viini elektroni humezwa kweli. Potasiamu 40, iliyomo kwenye miamba ya kawaida, ina protoni 19 na elektroni 19. Katika karibu asilimia 11 ya matukio ya kuoza kwake, protoni moja humeza elektroni ya ndani na kugeuka nyutroni. Zimebaki protoni 18 na elektroni 18, yaani agoni, na jumla bado ni sifuri. Agoni hiyo hunaswa ndani ya mwamba, na kiasi chake hueleza umri wa mwamba. Kwa njia hii, mwaka 1961, majivu ya volkano ya bonde la Olduvai yalikotolewa fuvu la Zinjanthropus yalipimwa na kuonekana yana miaka kama milioni 1.75, zaidi sana ya vile wengi walivyodhani. Sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu umri wa binadamu wa kale wa Afrika Mashariki imeanzia kwenye elektroni iliyomezwa na kiini.

Nyutroni ina kazi gani ikiwa haina chaji?

Kushikilia kiini. Protoni husukumana vikali, na kani ya nyuklia, ambayo hufanya kazi kwa umbali mfupi mno, ndiyo inayozigandisha. Nyutroni huongeza kani hiyo bila kuongeza msukumano. Kaboni 12 ina nyutroni 6 na kaboni 14 ina 8, lakini zote mbili zina protoni 6 na elektroni 6, na kikemia zinafanana.

Nyutroni iliyo nje ya kiini haidumu. Kwa wastani baada ya dakika 15 hivi hugawanyika kuwa protoni, elektroni na antinyutrino, chembe ndogo mno isiyo na chaji. Ilianza na sifuri, ikaishia na +1, −1 na 0.

Nani aligundua mambo haya?

J. J. Thomson, akiwa Cambridge mwaka 1897, alionyesha kwamba miale ya kathodi ni chembe hasi nyepesi zinazopatikana katika kila aina ya maada. Hapohapo likazuka swali: ikiwa kila kitu kina chembe hasi, na vitu vya kawaida havina chaji, chaji chanya iko wapi? Ernest Rutherford alijibu mwaka 1911, baada ya Hans Geiger na Ernest Marsden kurusha chembe za alfa, yaani chembe chanya zinazotoka kwenye vitu vya mionzi, kwenye karatasi nyembamba ya dhahabu huko Manchester na kuona chache zikirudi nyuma. Chaji chanya yote imesongamana katika kiini kidogo mno.

Anayesahaulika, nami sifurahii asahaulike, ni Henry Moseley. Kabla yake namba ya atomu ilikuwa tu nafasi ya elementi kwenye jedwali. Mwaka 1913 alipima eksirei zinazotoka kwenye elementi mbalimbali na kukuta zinapanda kwa utaratibu, hatua moja kwa kila elementi. Hatua hiyo ilikuwa chaji ya kiini. Tangu hapo tukaweza kusema kwa uhakika kwamba chuma ni 26 na si 25 wala 27, na kwamba jedwali lilikuwa na mapengo yanayosubiri elementi zisizojulikana. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwezi Agosti 1915, akiwa na miaka 27.

Robert Millikan naye, kwa matone ya mafuta yaliyoelea kwenye uga wa umeme huko Chicago, alionyesha kwamba chaji huja kwa vipande vyenye ukubwa mmoja. Kipande hicho leo kina thamani iliyowekwa rasmi tangu tarehe 20 Mei 2019: kulombu 1.602176634 ukigawanya kwa 1 yenye sifuri 19. James Chadwick alimalizia na nyutroni mwaka 1932.

Ioni ni atomu iliyovunja kanuni?

Ioni ni atomu, au kundi la atomu, lililopoteza au kupata elektroni. Ikipoteza inakuwa chanya, ikipata inakuwa hasi. Wanafunzi wengi hukosea hapa kwa sababu kupoteza kunaonekana kama kutoa, na kutoa kunaonekana kama hasi. Kumbuka kilichopotea ni kitu hasi.

Hakuna kanuni iliyovunjwa. Kanuni ya kweli ya asili ni kwamba chaji haiumbwi wala haipotei. Elektroni iliyotoka hapa ipo mahali pengine, kwa hesabu.

Angalia chumvi ya Uvinza, Kigoma, inayotokana na chemchemi za maji ya chumvi zilizotumika tangu kale. Sodiamu imempa klorini elektroni moja. Kuing'oa kuligharimu elektronivolti 5.14, na klorini ilirudisha 3.61 tu, kwa hiyo kuna deni la 1.53. Deni hilo linalipwa ioni mbili zinaposogeleana, kwa kuwa +1 na −1 zikivutana huachia nishati zaidi ya iliyokopwa. Ndiyo maana chumvi hujipanga kwa zamu, sodiamu klorini sodiamu klorini, kila chanya ikizungukwa na hasi. Punje nzima ya chumvi ina jumla ya sifuri, kama ilivyokuwa kabla.

Maji ya bahari yamejaa ioni. Mbona hayanipigi shoti?

Kwa sababu kila tone lina chanya na hasi kwa kiasi kilekile. Maji hayo hupitisha umeme vizuri ukiuleta kutoka nje, lakini yenyewe hayana chaji ya ziada.

Floridi ya kwenye maji ya Arusha ni sawa na gesi ya florini?

Si sawa, na tofauti yake ni elektroni moja tu. Hili ni swali ninalolipenda kuliko mengine kwa sababu linagusa afya za watu.

Atomu ya florini ina protoni 9 na elektroni 9. Haina chaji, na ni kali kupindukia: gesi yake hushambulia karibu kila kitu inachokigusa, ndiyo maana haikutengwa hadi Henri Moissan alipofaulu mwaka 1886. Ioni ya floridi ina protoni 9 na elektroni 10. Ina chaji, na ni tulivu kiasi kwamba huyeyuka kwenye maji bila rangi, harufu wala ladha ya kukutahadharisha. Tusidhani basi kwamba atomu isiyo na chaji ni atomu iliyotulia. Sodiamu ni hivyohivyo: metali yake hulipuka ikitiwa majini, ilhali ioni yake tunaila kila siku kwenye chakula.

Maji ya sehemu nyingi za Arusha na Kilimanjaro, pamoja na maeneo mengine ya Bonde la Ufa, yana floridi nyingi kwa sababu ya miamba ya volkano. Meno ya watoto hugeuka kahawia, na ikizidi kwa miaka mingi mifupa nayo huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha hakusaidii kabisa, maana ioni haiondoki na mvuke, na maji yanapopungua sufuriani floridi inabaki palepale. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimefanyia kazi njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa. Ndani ya mkaa huo ioni ya floridi huingia mahali pa ioni ya haidroksidi. Zote mbili ni −1, kwa hiyo moja ikiingia nyingine inatoka, na mkaa unabaki na jumla ya sifuri. Kichujio hicho hufanya kazi kwa sababu maada haikubali kubaki na chaji ya ziada.

Nikichana nywele kwa kitana cha plastiki, chaji inatoka wapi?

Kwenye nywele na kitana, hakuna kipya kilichozaliwa. Msuguano umehamisha elektroni chache kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zikihama bilioni mia kadhaa, tayari nywele zinasimama na vipande vya karatasi vinarukia kitana. Idadi hiyo inaonekana kubwa, lakini kwa kitana cha gramu 20 ni kama elektroni moja kati ya kila trilioni 10. Hivyo ndivyo tofauti ndogo mno inavyotosha kuonekana kwa macho.

Na radi?

Ni jambo hilohilo, kwa kiwango cha wingu. Chembe za barafu zikigongana hubadilishana chaji, nyepesi zikapanda juu na nzito zikabaki chini, hadi hewa ishindwe kuzuia. Radi ni maada ikirudi kwenye sifuri kwa haraka. Eneo la Kabare, mashariki mwa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa na radi nyingi zaidi duniani.

Waya unaopitisha umeme una chaji?

Kwa kawaida hapana. Elektroni zinazoingia upande mmoja ni sawa na zinazotoka upande wa pili, na viini vya shaba vimekaa palepale. Kinachokupiga ni tofauti ya volti kati ya waya na ardhi, si kwamba waya umejaa elektroni za ziada. Mwendo wenyewe wa elektroni ni wa polepole kuliko watu wanavyodhani: katika waya wa sola wa milimita mraba 1.5 unaopitisha ampea 5, husogea robo ya milimita hivi kwa sekunde.

Kama atomu hazina chaji, zinashikana vipi?

Kwa sababu chaji zilizomo hazijakaa mahali pamoja. Elektroni zikisogea kidogo upande mmoja, atomu inakuwa na upande hasi na upande chanya ingawa jumla ni sifuri, na jirani yake hujipanga kuendana nayo. Mjusi kafiri anayetembea darini kichwa chini hashikwi na gundi. Ameshikwa na mvuto huu mdogo kati ya molekuli za vinyweleo vya vidole vyake na za dari. Kwa elementi zinazochangia elektroni, kama kaboni na haidrojeni, mvuto huo ni mkubwa zaidi, nao ndio tunaouita bondi.

Mionzi ikibadilisha kiini, elektroni inakuwaje?

Hapa naomba msomaji achukue kalamu.

Urani 238 ina protoni 92, na elektroni 92. Inapoanza kuoza hupitia hatua nyingi hadi iwe risasi 206, yenye protoni 82. Njiani hutoa chembe za alfa 8, na kila alfa ni kiini cha heli chenye protoni 2 na nyutroni 2. Hutoa pia chembe za beta 6, na kila beta ni elektroni iliyozaliwa wakati nyutroni ikigeuka protoni.

Tuhesabu chanya kwanza. Risasi ina 82 na heli nane zina 16, jumla 98. Tulianza na 92. Sita zimeongezeka, kwa kuwa nyutroni sita zimegeuka protoni. Sasa hasi. Tulikuwa na elektroni 92, zikaongezeka 6 za beta, jumla 98. Risasi inazihitaji 82 na heli nane zinahitaji 16. Hesabu inafunga, hakuna hata moja iliyobaki mkononi wala iliyokosekana. Kila nyutroni iliyozaa protoni ilizaa pia elektroni ya kuisawazisha. Sijaona mfano unaoonyesha uhifadhi wa chaji waziwazi kuliko huu, na nashangaa haufundishwi mapema.

Chembe ya alfa inapotoka ina +2. Inapita kwenye mwamba ikipunguza mwendo, inanyakua elektroni mbili, na inakuwa heli ya kawaida. Rutherford na Thomas Royds walilithibitisha hilo mwaka 1909 kwa kunasa alfa ndani ya bomba la kioo na kuona rangi za nuru ya heli zikijitokeza.

Hiyo heli haiko kwenye maabara tu. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina kubwa ya heli katika bonde la Rukwa, kusini magharibi mwa Tanzania. Urani na thori kwenye miamba ya kale sana ziliizalisha polepole kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na joto la volkano za Bonde la Ufa likaifungulia njia ya kupanda. Kila atomu ya gesi hiyo iliwahi kuwa chembe ya mionzi yenye chaji, na ikapata elektroni zake mbili humo humo mwambani.

Tunajuaje kwamba jumla ni sifuri kamili, si karibu na sifuri tu?

Kwa kupima. Mwaka 1925 Auguste Piccard na mwenzake E. Kessler walijaza gesi kwenye chombo cha metali kilichotengwa na ardhi, wakaiachia itoke, na kuangalia kama chombo kinabaki na chaji. Kama kila molekuli ingebeba hata chembe ndogo ya chaji, mabilioni ya mabilioni yakitoka yangeacha alama. Hawakuiona.

Mwaka 1959 R. A. Lyttleton na Hermann Bondi walileta wazo la ujasiri. Kani ya umeme kati ya protoni mbili ni kubwa kuliko graviti kati yao kwa kiasi cha 1 yenye sifuri 36. Kwa hiyo, walisema, ikiwa chaji ya protoni inazidi ya elektroni kwa sehemu mbili tu ya 1 yenye sifuri 18, atomu za haidrojeni zitasukumana kuliko zinavyovutana, na huenda huo ndio msukumo unaoutanua ulimwengu. Lilikuwa wazo zuri kwa sababu lilipimika. Mwaka huohuo A. M. Hillas na T. E. Cranshaw walirudia jaribio la gesi, wakitumia agoni na nitrojeni, na wazo likaanguka.

Jaribio ninaloliona la werevu kuliko yote ni la H. F. Dylla na John King, mwaka 1973. Waliweka gesi nzito ya salfa heksafloridi ndani ya tufe, wakawasha uga wa umeme unaobadilika, kisha wakasikiliza. Kama molekuli zingekuwa na chaji, uga ungezitikisa na gesi ingetoa sauti. Ilibaki kimya. Kundi la Italia la G. Bressi na wenzake lilirudia kwa vifaa vya kisasa mwaka 2011. Kwa kipimo cha leo, kama tofauti ipo kati ya chaji ya protoni na ya elektroni, haizidi sehemu moja ya 1,000,000,000,000,000,000,000.

Basi kwa nini ziwe sawa kiasi hicho?

Tumefika kwenye swali la pili nililolitaja mwanzo, na ukweli ni kwamba linapaswa kumshangaza mtu. Elektroni, kwa kadiri ya vipimo vyote, haina sehemu ndani yake. Protoni ni nzito mara 1836 na imeundwa na chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwarki, mbili zenye +2/3 na moja yenye −1/3. Haionekani sababu ya dhahiri kwa nini vitu viwili vilivyotofautiana hivyo vibebe chaji inayolingana hadi tarakimu ya 21.

Kuna mapendekezo mazito. Paul Dirac alionyesha mwaka 1931 kwamba kama ipo popote chembe yenye ncha moja tu ya sumaku, basi chaji zote lazima ziwe vipande vya ukubwa mmoja. Chembe hiyo haijaonekana. Nadharia inayotumika sasa ya chembe msingi nayo hudai chaji za kwarki na za elektroni zilingane kwa namna maalumu, la sivyo hesabu zake zinavunjika. Kwangu hilo linaeleza kwamba lazima ziwe sawa ili nadharia isimame, lakini halielezi asili ilifikaje hapo. Mwaka 1974 Howard Georgi na Sheldon Glashow walipendekeza kwamba kwarki na elektroni ni za ukoo mmoja, na usawa unafuata moja kwa moja. Nadharia hiyo inatabiri kwamba protoni itaoza siku moja. Wanasayansi wa Japani wanaitazama protoni hiyo ndani ya tangi la tani 50,000 za maji, mtambo wa Super-Kamiokande, tangu mwaka 1996. Haijaoza hata moja.

Je, kulikuwa na wakati ambapo hakukuwa na atomu zisizo na chaji?

Ndiyo. Ulimwengu ulipokuwa mchanga ulikuwa moto mno, viini na elektroni vikatembea huru. Baada ya miaka kama 380,000 joto lilishuka hadi karibu nyuzi 3,000, elektroni zikatulia kwenye viini, na kwa mara ya kwanza nuru ikapita bila kuzuiwa na elektroni huru. Nuru hiyo bado inatufikia, na Arno Penzias na Robert Wilson waliinasa kwa antena huko New Jersey mwaka 1964. Ndani ya Jua hali ya kale inaendelea: viini na elektroni viko mbalimbali, ingawa ukihesabu Jua lote chanya na hasi karibu zinalingana.

Na atomu za antimaada?

Antimaada ni maada ambayo chembe zake zina chaji za kinyume. Antihaidrojeni ina antiprotoni yenye −1 na pozitroni yenye +1. Kundi la ALPHA kwenye kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, Geneva, lilizinasa kwa sumaku, likazitikisa kwa uga wa umeme, na mwaka 2016 likatangaza kwamba chaji yake, kama ipo, haifiki sehemu moja ya bilioni ya chaji ya elektroni.